Damodar na Chumvi ya Hekalu

Hebu mtazame anavyoingia. Ni asubuhi, kichochoro chetu cha Vrindavan, mji wa mahekalu, bado kimelowa maji ya kufagilia, moshi wa makaa unapanda mpaka juu ya paa walikojipanga nyani, na kutoka upande wa mtoni anakuja mtu mfupi aliyetanguliwa na tumbo lake. Shuka yake ni nyeupe mno kwa mtu anayepita kwenye matope yetu. Kwapani ana mwavuli, ingawa mvua ziliisha zamani. Huku kwetu watu husalimiana "Radhe Radhe" hata wakigongana mabega, lakini huyu hasemi. Anangoja aambiwe.

Huyo ndiye Damodar Pachauri. Kazi yake ni kuonja.

Usicheke, ndiyo kazi yake hasa. Mahujaji wakishuka kwenye mabasi yao, wachovu na wenye njaa, humkuta amesimama pale kwenye tangi la maji, naye huwapeleka kula. Anakotaka yeye ndiko kundi zima linakokwenda. Kwa hiyo kabla jua halijapanda lazima apite kila jiko, achukue kipande hapa, funda kule, bure, kisha atoe hukumu mbele ya watu. Mtu huyu, nakuambia bila kumwonea, hajawahi kuwasha jiko maishani mwake. Mkewe ndiye humpikia, naye aliacha kumjibu tangu walipokuwa vijana.

Muulize Hukam, yule mwenye karai la kachori pale kwenye kona. Siku moja Damodar aliuma kachori yake, akaitafuna taratibu macho yakiwa juu, akawageukia wageni na kuwaambia kwamba hii imekaangwa na mtu mwenye hasira, na mafuta yake yana harufu ya jana. Mafuta yalikuwa ya asubuhi ile ile. Hukam alikuwa ameyamimina karaini mbele yetu sote. Lakini wageni walikuwa wamekwisha ondoka, na karai lile lilikaa baridi mpaka jioni. Baadaye tulisikia kosa la Hukam: kachori alizompa Damodar siku ile zilikuwa mbili tu, naye alizoea kupewa nne na viazi vya mchuzi juu.

Mtu pekee aliyemjibu alikuwa Sukhdei, mama anayeuza lasi, kinywaji cha mtindi, kwenye vikombe vya udongo. Damodar alipomwambia kwamba mtindi wake unanuka kama nguo iliyolala mbichi, Sukhdei hakuinua hata kichwa.

"Panditi," alisema, kama anavyoitwa msomi wa dini, "siku moja utume ulimi peke yake. Mwili ubaki nyumbani upumzike."

Tulicheka mpaka nyani wakakimbia. Damodar hakucheka. Mahujaji hawakuonekana kwa Sukhdei muda mrefu baada ya hapo.

Basi kama angetosheka na hayo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mtu huyu alikuwa na hamu moja iliyomla ndani. Marehemu baba yake alikuwa mpishi wa hekalu dogo la mtaa wetu, na mpaka leo wazee wakikumbuka wali wake hujilamba midomo. Mwanawe, katika kila harusi, alitambulishwa kama mtoto wa yule mpishi. Hakutambulishwa kwa jina lake hata mara moja. Damodar alitaka kukikalia kile kibao kifupi cha baba yake pale jikoni. Kila sikukuu alimpelekea Gosai, kuhani wetu, taji la maua, na kila taji lilikuja na ombi lile lile.

Mwaka mmoja magoti ya mpishi aliyeshika nafasi ya baba yake yakakataa kazi. Ilikuwa imekaribia sikukuu ya mlima wa chakula, inayofuata ile ya taa, siku ambayo wali hurundikwa mbele ya Mungu ukafika kifuani kwa mtu mzima. Gosai ni mtu mpole, hajui kumwambia mtu hapana. Akamwambia Damodar apike kadhi, ule mchuzi wa mtindi na unga wa dengu, sufuria kubwa kabisa. Watu wakiridhika naye, jiko litakuwa lake. Wasiporidhika, asilete tena taji.

Siku tatu Damodar alitembea kichochoroni kama bwana harusi. Alimwambia Hukam kwamba sasa watu wa mji huu wataonja chakula. Akamwambia Sukhdei afike mapema, ajifunze mtindi ni nini.

Kuna jambo moja alilolijua toka utotoni kama sisi sote, ila hakulifikiria. Jiko la hekalu halionjwi. Mpishi huoga, huingia na nguo mbichi, hufunga kitambaa mdomoni na puani hata harufu asiile, kwa sababu wa kwanza kula ni Mungu. Ukitia ulimi wako, sufuria nzima ni makombo na humwagwa. Baba yake alipika miaka yote kwa mkono na jicho. Mwana alikuwa na ulimi tu, na ulimi ndio uliofungiwa nje.

Hukam alikuwa akileta kuni mlangoni, ndiye aliyeyaona yaliyotokea jikoni. Damodar alitia chumvi gao moja, kiganja tele. Akakoroga. Akasimama akiitazama sufuria kama mtu anayemngoja mgeni asiyejibu barua. Mkono wake ukapanda mdomoni, ukakutana na kitambaa, ukashuka. Akatia gao lingine. Akakoroga tena, mkono ukapanda tena, ukakutana na kitambaa. Jasho lilimtoka. Maana mtu aliyezoea kuonja hakumbuki alichotia, hukumbuka ladha tu, na ladha hakuwa nayo. Akashika tena kopo la chumvi.

Hukam alikuja kwetu ameshika mbavu. Alitaka kucheka, na alicheka. Halafu Sukhdei akamuuliza kama amemwambia Gosai. Kicheko kikaisha. Hukam akasema angeonekana ana kisasi, na kweli anacho, basi nani angemsikiliza? Wakati wanabishana kengele ililia, pazia la madhabahu likafungwa, jani la mrihani likawekwa juu ya kadhi, na Mungu akala.

Hapo mambo yakawa yamekwisha. Pazia likishafunguliwa kile si chakula tena, ni prasadi, baraka iliyotoka kwa Mungu, na prasadi haisemwi vibaya. Huwezi kusema imeungua wala imechacha. Nani atamkosoa Mungu kwa alichokubali kula?

Tukaketi chini kwa mistari, sahani za majani mbele yetu, kadhi ikamiminwa juu ya wali. Nikaitia kinywani. Nakuambia, ningelamba mwamba wa chumvi ningepata nafuu. Wauza jalebi, wauza maziwa, wakaanga viazi, wote aliowatukana mwaka mzima, walitafuna huku ngumi wamezikunja. Gosai alitokwa na machozi, wageni wakadhani ni ibada. Mmoja baada ya mwingine tukasema ni tamu, kama inavyotakiwa kusemwa.

Na yeye? Alikuwa anapita na ndoo, kifua mbele, akizipokea sifa zile kama haki yake. Aliziamini zote. Mwisho akaketi, akatia tonge lake la kwanza, macho yakapanda juu kama kawaida yake. Yakabaki huko. Akameza. Akanywa maji, akanywa tena.

Sukhdei alikuwa amekaa mkabala naye. "Panditi," alimuuliza kwa upole, "leo hatujasikia hukumu."

"Prasadi haina hukumu, dada," alisema Damodar.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mtu dada. Bado simhurumii. Mtu aliyezimisha jiko la mwenzake kwa kachori mbili hajapungukiwa kitu akinywa maji.

Ndipo Gosai aliposimama, akafuta macho. Akasema wote tumekula, na prasadi ni prasadi, juu yake hakuna la kusema. Lakini jiko ni kazi ya mtu.

"Kuhusu mpishi," alisema, "kuna mwenye neno?"

Kisha nikaona Gosai anamtazama Hukam, kwa sababu Hukam ndiye aliyekuwa mlangoni mwa jiko na kuni zake. Damodar naye akamtazama, tumbo na yote, kwa macho ya mtu aliyeshika taji lake la mwisho. Na Hukam, kinywa kimejaa chumvi ya mtu yule, akaanza kuinuka polepole. Ungekuwa wewe Hukam, ungesema nini?