Siku Nilipoitikia Jina la Nankondo

Unga wa mtama ukiloa maji ya chumvi hutoa harufu chachu, kama mdomo wa mtu aliyefunga. Juzi mkwe wangu alimwaga kidogo kwenye maji ya samaki, nikaacha sahani nikatoka nje. Wakadhani naumwa. Mimi, niliyezaa nikazika nikalea wajukuu, siumwi ovyo.

Sisi asili yetu si huku. Baba alivuka Ruvuma akimkimbia Mreno, akakata mkonge hapa na pale, tukaishia Tingi, kijiji cha Kilwa. Uhuru ulikuwa bado mbichi pale wazazi wa mama walipotoka Msumbiji kuja kututembelea. Baba akataka wauone mji. Akatupeleka Kilwa Kivinje kwa miguu, ametangulia na kanzu ya kuazima, akionyesha nyumba za mawe na milango ya nakshi kana kwamba kachonga yeye.

"Nyumba nzuri, mkwe," babu akasema. "Ila wenyewe siwaoni. Naona popo tu."

Tulicheka wote isipokuwa bibi. Kila baba aliponyoosha kidole juu, yeye alitazama chini. Mwisho akauliza, "Watu walikuwa wanapakiwa wapi?"

Baba akajifanya kiziwi. Mama ndiye aliyetupeleka ufukweni, kwenye mikoko, maji yamekupwa. Njiani akanieleza. Bibi alikuwa na mama mkubwa, akiitwa Nankondo. Alikamatwa na wauza watumwa angali msichana, akashushwa Kivinje shingo imetiwa kongwa, asionekane tena. Hana kaburi, hakukaliwa matanga. Na kwetu jina la aliyepotea halitupwi, hupewa mtoto. Nilipewa mimi.

Kumbe bibi hakuja kutembea. Alikuja kumchukua mtu wake.

Akapiga magoti kwenye tope, akafungua kitambaa, akamwaga unga wa mtama kidogo kidogo, kama kwetu wanavyoitwa wafu. "Nankondo," akaita. "Nankondo, twende nyumbani."

Mtoto aliyefunzwa adabu akiitwa na mkubwa haachi kuitika. Nikasema, "Abee."

Bibi aligeuka taratibu. Nilingoja kofi. Akanijia kwa magoti, tope mpaka mapajani, akanishika miguu. "Shikamoo, mama mkubwa."

Mikono yake ilikuwa ya baridi. Nikasema, "Marahaba."

"Basi, ameitika," babu akasema.

"Aliyeitika ni mtoto," mama akamjibu.

"Umejuaje?"

Mama akainama. Alininyanyua, msichana mkubwa mimi, akanibeba mpaka Tingi bila kunitua.

Nyumbani bibi akasema wazi: amekuja kumchukua Nankondo, na Nankondo kaitika, basi waondoke naye. Baba aliangalia kanzu ya watu ilivyochafuka. Mama akasimama mlangoni. "Huyu hatoki, mama. Nilimzaa mimi."

Bibi akaanza kufunga mizigo yake. Aliondoka bila kuniaga, nami nikaamini nimemchukiza.

Mpaka nilipopata binti wa kwangu ndipo nilipoelewa. Mama alisema lile neno ambalo mama wa Nankondo wa kwanza hakupewa nafasi ya kulisema. Bibi alilisikia, akalitii, akarudi mikono mitupu.

Mreno alipoondoka, wenzetu wengi walirudi kwao. Sisi tulibaki. Nimezeekea huku, na watu wote wananijua kwa jina langu. Lakini nikiwa ufukweni, mtu akiniita kwa nyuma, hunyamaza kwanza. Humpa nafasi mwenzangu aitike.