Fainali ya chess Mikumi: dada aliyenisimamishia saa nikimwamkia mwalimu wangu

Wakuu, heshima zenu. Sijaja kujisifu. Nilipigwa, na nasimulia kama ilivyokuwa.

Mimi ni kijana wa Magomeni, Kilosa. Chess nimejifunza peke yangu kwenye simu. Nina ugonjwa mmoja: sisogezi kete mpaka niwe na uhakika, na nikikosea silali.

Majuzi nikafika fainali ya mashindano madogo pale Mikumi. Mshindi mmoja tu ndiye angekwenda Morogoro mjini kuchezea wilaya. Niliitaka ile nafasi kuliko kitu chochote.

Mpinzani wangu dada Rehema, fundi cherehani wa Kisanga. Anacheza haraka, kama anakata kitambaa alichokwisha kukipima.

"Mdogo wangu, unafikiria au unasali?"

Watu wakacheka. Mimi jasho.

Nikabaki na dakika tatu kwenye saa, yeye kumi na moja, na anayeishiwa muda ameshindwa. Ila kwenye ubao nilikuwa nimemzidi.

Hapo akaingia mwalimu wangu wa darasa la saba, akaja moja kwa moja mezani.

Huku kwetu mnakujua. Shikamoo haitolewi umekaa, macho kwenye ubao. Nikasimama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba! Mama hajambo? Na babu yako kule Masanze?"

Saa yangu inakimbia. Kumkatisha siwezi.

Rehema akanyoosha mkono, akaisimamisha saa.

Mwamuzi akamjia juu: "Dada, hiyo haipo kwenye sheria!"

"Basi niandikie kosa mimi. Mtoto wa watu anamwamkia mwalimu wake."

Wakuu, angenyamaza tu angeshinda kwa muda.

Tulipoendelea, akaniachia malkia wake wazi. Nikatafuta mtego dakika nzima, sikuuona. Nikamla. Hatua tatu baadaye, farasi na ngome yake wamembana mfalme wangu kwenye kona. Checkmate. Ilikuwa nzuri mpaka nikachelewa kuumia.

Sasa nikiri. Niliposimama pale na saa ikikimbia, kuna sehemu yangu ilifurahi. Nikishindwa, nitasema ni saa. Rehema alininyang'anya kisingizio hicho, kisha akanishinda kweupe.

Nimejifunza kwamba muda wote nilikuwa najiandaa kujitetea kuliko kushinda. Na kwamba kuna watu hawataki ushindi usiotoka mikononi mwao.

Wewe ungekuwa Rehema, nafasi ya Morogoro iko mezani, ungeisimamisha ile saa? Jibuni kwa ukweli. Mimi nimejiuliza, na jibu langu halinipendezi.