Kapsuli ya Wiki ya Arusi

Mwanangu, nakumbuka wiki niliyoolewa kana kwamba vigelegele bado viko mlangoni. Kwetu Dindira ngoma zilishaanza, mchele umeshachaguliwa, wageni wa bwana arusi wanapanda mlima kutoka Kang'ata, na mimi bibi arusi nipo kitandani, kifua kimenibana na homa iko juu. Zahanati walinipa kapsuli, zile ndefu za rangi mbili. Baba akasema homa isiposhuka, ndoa inaahirishwa. Ungeniona nilivyolia!

Si kwamba sikutaka dawa. Nilikuwa naitia mdomoni, natupa kichwa nyuma, nagugumia maji mpaka yananimwagikia kifuani, na kapsuli ileile imeng'ang'ania ulimini. Naitema, naanza upya. Mama alishachoka kunibembeleza. Nikashika kisu niipasue, unga wake niumimine kwenye uji.

Hapo akaingia Bibi Zaina, bibi yake mchumba wangu, aliyetangulia wageni wenzake. Wazigua na sisi Wasambaa tuna utani, basi hakunionea haya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weka kisu chini! Zahanati walikwambia uipasue?"

"Hapana, bibi."

"Na mbona unainua kichwa kama kuku anayekunywa maji? Mjukuu wangu anaoa mtu au anaoa mtetea?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Akaniketisha wima, akisema naye alifundishwa kumeza kapsuli wodini siku alizolazwa.

"Piga funda dogo ulainishe koo. Haya, weka dawa ulimini, chukua funda kubwa, usimeze bado. Inamisha kidevu. Hii ni nyepesi, inaelea. Ukiinama inasogea yenyewe nyuma. Meza!"

Nikameza. Nikaitafuta kwa ulimi, huku na huku. Haipo!

"Imekwenda! Mama, imekwenda!"

Mama akapiga kigelegele, na wanawake waliokuwa uwanjani wakaitikia bila hata kujua kisa. Zilizobaki nilizimeza vivyo hivyo. Homa ikashuka, nikaolewa siku ileile iliyopangwa, tena nilicheza mpaka shangazi zangu wakanikalisha kwa nguvu.

Basi mwanangu, kapsuli isikutishe. Keti wima, lowesha koo, inamisha kidevu, umeze kwa maji ya kutosha, wala usikimbilie kulala papo hapo. Vile vidonge vigumu vya duara havielei, kwa hivyo kichwa kiache sawa tu, uvisukume kwa funda kubwa. Dawa ikikushinda kabisa, rudi kwa aliyekupa ukamwambie, huenda ipo ya maji. Usivunje wala kufungua kitu kabla hujauliza. Hakuna aibu hapo, wakubwa wengi wanahangaika kimyakimya.

Mungu akupe siha, mwanangu. Alifungue koo lako kwa dawa siku inapobidi, na kwa pilau siku nyingine zote.