Alama ya Nne kwenye Kioo

Fundi wa maabara waliyembandika jina la Mama Daftari alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa ya kazi kwenye chumba kilekile, meza ileile ya dirishani, na daftari zake kumi na saba zimepangwa rafuni kwa tarehe. Kazi yake ilikuwa kulea seli za neva. Alizipanda juu ya vioo vyembamba vya mviringo, vidogo kama kifungo cha koti, akazibadilishia maji ya chakula, akazitazama.

Hakuna aliyezijua kama yeye. Seli changa hutoa vikono vinne au vitano vilivyo sawa, na hakuna kinachoonekana kuwa mkubwa wa wenzake. Ndani yake zimo protini zinazotembea hatua kwa hatua juu ya nyuzi kama reli, zimebeba vifaa vya ujenzi. Yeye aliziita wapagazi. Wapagazi huingia kikono hiki, wakatoka, wakajaribu kile, mpaka mwisho hukazana na kimoja tu. Mizigo ikishushwa huko, kikono hicho hurefuka na kuwa njia ya kupeleka habari. Vingine hubaki vifupi, kazi yake kupokea.

Miaka mitatu nyuma alikuwa ameandika: "Wapagazi hujaa kwenye kikono kabla hakijarefuka. Nimeona mara kumi na moja." Profesa, mkuu wa maabara, akamwambia, "Vizuri mama, endelea kuandika," bila kuinua macho.

Kisha akaja Mgeni, binti mwenye shahada. Nusu mwaka ulikuwa umepita na bado walimwita Mgeni. Siku moja akapiga picha ya jambo lilelile, wapagazi wanang'aa kijani kwenye kikono kimoja kifupi. Profesa alipiga makofi. "Jamani, njooni muone jicho la mtoto huyu!"

Mama Daftari alikuwa akiosha chupa. Aliiosha ile moja mpaka ikalia.

"Unamwonea wivu mtoto wa kumzaa?" mumewe alimtania mezani.

"Siyo wivu. Mimi nina kumbukumbu, basi."

"Kumbukumbu gani inakunyima hamu ya kula?"

Sasa ilikuwa imeletwa hadubini mpya, na mbele yake kiti kimoja. Profesa alisema vioo sita vya Alhamisi ndivyo vitakavyoamua: Mgeni akitoa picha safi, kiti ni chake, akishindwa, atakaa Mama Daftari.

Alhamisi mchana Mgeni alidondosha matone sita ya rangi, akachukua kibano, akalaza kioo juu ya kila tone. Seli zilitakiwa zitazame chini, zigusane na rangi. Kwa macho, pande mbili za kioo hazitofautiani. Ndiyo maana Mama Daftari alikwaruza tarakimu 4 pembeni mwa kila kioo: ikisomeka sawasawa, seli ziko juu, ikisomeka kinyume, ziko chini. Wote waliopita pale aliwafundisha. Mgeni hakumfundisha.

Kutoka alipokaa aliziona zile tarakimu zote sita, zinasomeka sawasawa kabisa. Seli ziko juu, zinapigwa na hewa. Dakika chache tu zitakauka, na hapo hakuna picha.

Alifungua daftari, kama alivyofanya kila siku. "Saa nane na dakika kumi. Vioo sita vimewekwa." Kalamu ikasimama. Katika daftari kumi na saba hakuwahi kuruka alichokiona. Akaandika: "Vimepinduka. Nimeona. Nimenyamaza."

Alilisoma neno la mwisho mara mbili. Mwandiko ulikuwa wake, hata nukta.

Akasukuma kiti. "Lete kibano, upesi!"

"Kuna nini, mama?"

"Umezilaza chali. Shika hiki, mimi nageuza hivi."

Viwili vilikuwa vimekwisha kauka. Vinne vilipona. Mgeni alibaki anahema, kisha akainama kuitazama ile alama ndogo. "Hii? Mimi nilidhani ni mikwaruzo tu. Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Sikutaka ujue."

 Jicho la Mgeni lilikuwa limefika kwenye daftari lililo wazi, na Mama Daftari hakulifunika. Alimwacha asome. Kisha akavuta rafuni daftari la miaka mitatu nyuma, akalifungua kwenye ukurasa wa wapagazi, akaliweka kando ya lile. "Na hapa pia usome. Anza na tarehe."

Ijumaa picha zilitoka safi, na kiti kikaenda kwa Mgeni. Mgeni alimpelekea Profesa ule ukurasa wa zamani. Profesa akausoma mara mbili, akakohoa, akasema jina la Mama Daftari litaandikwa kwenye ripoti, la kwanza. Kiti hakikurudi.

Jumatatu Mama Daftari alimkuta Mgeni anakwaruza vioo vipya. Akakiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Ile nne ilikuwa imenyooka, ndogo, nzuri kuliko zake zote.

Na hilo nalo likamchoma.