Karavani Isiyokubali Kukauka

Tone lilianguka katikati ya mto wa kitanda, palepale ambapo kichwa cha mjukuu wake kingewekwa Jumapili, na Bonaventure akalitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua kuaga. Alikuwa ameziba darini juu ya kitanda kwa mikono yake mwenyewe, kwa pamba na lami, jinsi anavyoziba mitumbwi. Na tangu Makobola hadi Uvira mjini hapakuwa na mvuvi wa kusema kwamba mtumbwi uliopita mikononi mwa Bonaventure unaingiza maji. Mitumbwi ya watu ilikuwa mikavu. Nyumba yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikimlilia kitandani.

Nyumba yenyewe, ikiwa ni ya kuitwa nyumba, ilikuwa karavani: kijumba cha bati laini chenye magurudumu, ambacho wenye navyo hukifunga nyuma ya gari na kusafiri nacho. Watu fulani waliokuja kuchimba visima katika bonde la Ruzizi walilala ndani yake mpaka kazi ikaisha, na walipoondoka wakamwachia Bonaventure, kwa kuwa alikuwa amewatengenezea boti yao. Ilikuja wakati wake. Ziwa lilikuwa limekwisha kuila nyumba yake ya Makobola, chumba baada ya chumba, bila haraka, na yeye na mkewe Florentine walikuwa wakilala kwa watu. Akaiburuta karavani hadi kwenye kiwanja cha ukoo hapa Rugenge, akaing'oa magurudumu, akaikalisha juu ya matofali, akamwambia mkewe kwamba sasa wana kwao. Mvua ya kwanza ikamjibu usiku uleule.

Wangeweza kuendelea kuvumilia. Walikuwa wamezoea sufuria hapa na beseni pale, wamejifunza kulala wamejikunja upande mmoja wa kitanda. Lakini sasa binti yao Eliane alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, msichana, wakamwita Shalom. Na katika ukoo wao mtoto wa kwanza hulelewa siku zake za mwanzo kwa mama wa mzazi. Binti hurudi kwao, akakandwa, akapikiwa uji, akalala usingizi wa kutosha, mpaka nguvu zimrudie. Florentine aliisubiri siku hiyo tangu Eliane aolewe.

Aliyeitia mashaka siku hiyo ni Bernardine, mama wa mkwe wao, bamwana wao. Yeye ana nyumba ya matofali ya kuchoma na dari inayong'aa, na kusema lake haogopi. Aliyasema palepale maternite, wodi ya wazazi, kitandani pa Eliane.

"Bamwana, nilisikia kule kwenu munakinga mvua na sufuria. Siku ya Yenga, kiisha misa, nitamuleta mutoto minye mwenyewe. Nikikuta ni pakavu, nitamuacha na mama yake. Nikikuta maji iko naanguka, narudi nabo kwangu, na musinikasirikie."

Bonaventure alikasirika, tena sana. Kilichomchoma zaidi ni kwamba mama yule alikuwa na haki.

Basi akaanza kuziba, awahi kabla ya hiyo Yenga, Jumapili. Kwa mtu wa mitumbwi, maji huingia pale unapoyaona: ukikuta ubao unatoa jasho, tia pamba hapohapo, piga nyundo, paka lami, mambo yamekwisha. Akaziba juu ya kitanda, tone likahamia miguuni. Akaziba miguuni, likaingia kabatini na kulowesha vitenge vya Florentine, vile vizuri vya sikukuu. Akaziba kabati. Akageukia madirisha na silikoni iliyovuka mpaka kutoka Bujumbura, akayapaka mpaka dirisha moja likagoma kufunguka, na mpaka leo limegoma. Kila alipofunga mlango mmoja, maji yalipiga hodi kwenye mwingine.

Na paani? Paani alipanda zaidi ya mara moja, akapitisha lami kwenye kila mshono na kila skrubu aliyoiona. Yaliyobaki huko juu yalikuwa mawe tu, na mawe hakuyashuku. Nani katika Uvira hana mawe juu ya bati lake? Upepo wa ziwa hauna adabu, na bati lisilo na mawe utaenda kuliomba kwa jirani. Kila karavani ilipovuja, Bonaventure alisema ni upepo umeinua paa na kulegeza mishono, naye akapandisha jiwe jingine.

Jirani yake Thaddée alikuwa akiitazama kazi hiyo yote kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, kivulini mwa ukuta. Hakuwahi kushika hata brashi, lakini hakukosa la kusema.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta, Baba Eliane."

Bonaventure aliipenda methali hiyo zamani. Sasa kila akiisikia alitamani kumpaka lami mtu mdomoni. Nyufa zote alikuwa ameziba, na ukuta wenyewe alikuwa ameuziba.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo, tone jipya lilipoanguka juu ya mto, alikaa ukingoni mwa kitanda na kopo la lami mapajani, akajisikia amechoka kuliko siku aliyoihama Makobola.

"Baba Eliane," Florentine akamwita kutoka mlangoni, "iko naanguka tena?"

"Angalia weye mwenyewe."

"Ni ile ya jana?"

"Ya jana ilikufa. Hii ni ingine." Akaweka kopo chini. "Acha mutoto aende kwa bamwana. Minye nimeshindwa. Mitumbwi yote hii, alafu nashindwa na kisanduku cha bati."

Florentine alitoka, akaenda nyuma kwenye pipa lake la kukaushia samaki, maana mwanamke huyu alikuwa akiuza mikeke, samaki wa ziwani, iliyokaushwa kwa moshi na wateja wake hawakuwa na subira. Bonaventure alimsikia akigonga mfuniko, akipuliza, akinung'unika. Alipigwa na uchungu kwa ajili yake. Alijua analia, na alijua pia kwamba akitoka kumbembeleza atamkuta ameukausha uso.

Aliporudi alikuwa na masizi mkononi na neno tayari.

"Pipa yangu ikitoboka, minye sipotezi macho kutafuta tundu. Nawasha moto, nafunika, naangalia moshi inatokea wapi."

"Sasa unataka kukausha nyumba sawa samaki?"

"Nataka kuona tundu."

"Na harufu? Bamwana yuko nakuja siku ya Yenga."

"Achague, harufu ao maji."

Alibisha, kwa kuwa kubisha ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebaki mikononi mwake. Akasema godoro litanuka, akasema mtu mwenye akili timamu hawashi moto ndani ya nyumba yake. Lakini moyoni alikuwa amekwisha kukumbuka jambo alilolifanya maisha yake yote ufukweni: mtumbwi wenye ugonjwa uliojificha hujazwa maji ukiwa nchi kavu, na fundi hutazama nje yanapotokea. Karavani aliitazama pale maji yanapoingia tu, hakuwahi kuijaza kitu akatazama kinapotokea. Ilimuudhi kwamba mkewe ndiye aliyeligundua hilo, naye hata hakujua kwamba ameligundua.

Jumamosi asubuhi wakatoa godoro, nguo na kila kilichotoka. Florentine akaweka beseni kuukuu juu ya matofali katikati ya karavani, akatia makaa, akayafunika kwa majani mabichi, akatoka mbio akikohoa na kufunga mlango. Bonaventure alikuwa amesimama juu ya ngazi nje, anayakodolea macho madirisha, kwa sababu ndiyo aliyoyashuku siku zote. Madirisha hayakutoa kitu. Mishono haikutoa kitu. Kwa kitambo kidogo alijivunia kazi yake.

Kisha moshi ukatokea paani, katikati ya mawe. Uzi mmoja mwembamba chini ya jiwe la mbele, mwingine chini ya lile la pembeni, halafu kila jiwe likawa linafuka kama figa. Bonaventure aliendelea kutazama, hata nyundo ikamtoka mkononi.

Ndipo Thaddée, kwa mara ya kwanza tangu wawe majirani, alipoinuka kwenye kiti chake. Aliona moshi, hakuuliza, akaja na ndoo ya maji, akafungua mlango na kuyamwaga yote ndani. Majivu na maji yakatapakaa juu ya sakafu ambayo Florentine aliisugua tangu alfajiri.

"Nilifikiri munaungua," Thaddée akasema, ndoo tupu mkononi.

"Asante, jirani," Florentine akamjibu, na asante hiyo Thaddée aliikumbuka siku nyingi.

Bonaventure hakuwasikia. Alikuwa ameanza kuyaondoa mawe. Na hayo hayakuwa mawe ya kuokota barabarani. Ziwa lilipoangusha kuta za Makobola, aliingia majini mpaka kiunoni, akayang'oa mawe ya msingi moja moja, watu wakimwona kama aliyerukwa na akili. Nyumba ya mtu ni msingi wake, aliwaambia. Aliyabeba mpaka Rugenge, na kwa kuwa karavani haina msingi, mahali pa kuyaweka palikuwa juu. Yakampa usingizi. Mvua iliponyesha aliyafikiria yale mawe kichwani pake na kujiambia kwamba bado ana nyumba.

Chini ya kila jiwe bati lilikuwa limebonyea kama bakuli. Ndani ya bakuli palikuwa na maji na mchanga, na kwenye kitako chake vitundu vidogo ambavyo sindano ingepita kwa shida. Bati la karavani si bati la nyumba. Upepo ulikuwa ukiyatikisa mawe, mawe yakalisaga, maji yakapenya na kutembea kati ya bati na dari yapendavyo, yakaanguka mahali ambapo hapakuwa na kosa lolote. Na kila yalipoanguka, yeye alipandisha jiwe.

"Ni minye nilitoboa," akasema.

"Ni mawe."

"Nani aliipandisha?"

Florentine akamshikia ngazi. Bonaventure alishusha jiwe la mwisho akiwa amejaa hasira, akasema atayachukua yote akayatupe ziwani, liyamalizie.

"Hapana," Florentine akasema. "Ziwa ilishakula ya kutosha."

Basi mawe yakabaki. Kutwa nzima Bonaventure alikuwa paani amelala kifudifudi, akiyanyoosha mabonde taratibu na kubandika juu ya kila tundu kitambaa kilicholoweshwa lami, kama kiraka cha mtumbwi. Upepo akautafutia dawa yake: akaifunga karavani kwa kamba za nyavu zilizopita juu ya paa hadi kwenye vigingi ardhini. Jumapili asubuhi akayapanga yale mawe mbele ya mlango, yakawa ngazi. Zamani watu walipanda kwa kreti ya bia.

Bernardine alifika baada ya misa akiwa amevaa kitenge kipya, mtoto kifuani, Eliane nyuma yake akitembea polepole. Akapanda mawe, akaingia, pua ikamwinuka.

"Hapa kunanuka samaki."

"Nauza samaki, bamwana," Florentine akasema. "Ninuke nini?"

Bernardine hakucheka. Alitazama dari kipande kwa kipande, akapitisha kiganja kwenye ukuta, akaubonyeza mto wa kitanda. Palikuwa pakavu. Na kama mtu aliyetumwa, ngurumo ikasikika kutoka milimani, na mvua ikaja juu ya bati kwa kelele hata mazungumzo yakakatika. Wote wakatazama juu. Eliane alikuwa ameshika mkono wa mama yake. Juu ya kitanda halikuanguka tone, wala miguuni, wala kabatini.

Lilianguka shingoni mwa Bonaventure, aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Baridi, zito, likateremka mgongoni taratibu. Alijua mara moja kwamba kuna tundu moja amelikosa. Alijua pia kwamba akisogea, la pili litalia sakafuni mbele ya viatu vya bamwana. Akavuta kigoda, akaketi palepale.

"Sogea karibu, bamwana," Bernardine akasema. "Sababu gani unakaa mulangoni sawa mugeni?"

"Hapa niko muzuri."

"Basi shika mujukuu wako. Hata haujamushika."

Akamwekea mtoto mapajani kabla hajapata uongo wa kusema. Shalom alikuwa mwepesi, mwenye nywele nyingi, na alinuka maziwa. Bonaventure akamwinamia, kifua juu yake na mikono pande zote, na tone likamwangukia mgongoni, na lililofuata, na jingine, na shati lake la kanisani likamganda. Hakuinua kichwa. Hakuna mtumbwi aliowahi kuuziba kwa bidii ile.

"Ona vile anamuinamia," Bernardine akamwambia Florentine, na sauti yake ikawa imelegea. "Sawa. Watabaki."

Mvua ilipopungua alifungua mwavuli, akaacha kikapu cha nguo za mtoto kitandani, akamshukuru kila mtu, akateremka kwenye yale mawe akielekea barabarani kutafuta pikipiki ya kumrudisha. Florentine alisimama mlangoni akimpungia mkono mpaka alipokata kona. Nyuma yake Bonaventure hakuwa ameinuka kigodani, mtoto bado amelala chini ya kifua chake.

"Mama Eliane," akasema polepole, asimwamshe, "leta sufuria."