Seli Shina kwa Bei ya Jumla

Sababu ya safari ilikuwa cherehani. Kaka Mbwana, fundi nguo wa hapa Muheza, mkono wake wa kulia unatetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson. Alikwisha kupata mnunuzi wa cherehani yake, ili apate pesa za kununulia seli shina zinazouzwa Tanga mjini. Mimi ni muuza machungwa. Nilimsindikiza asije akapigwa bei.

Saa tatu na nusu asubuhi tulikuwa dukani kwa bwana mmoja mwenye koti jeupe. Ukutani ameandika magonjwa anayotibu. Niliyahesabu: kumi na moja. Nikayahesabu tena: kumi na mawili. Alikuwa ameona kichwa changu, akaongeza upara.

"Seli zenyewe ziko wapi?" nikamuuliza.

"Hizi hapa, bosi. Unga. Kijiko kimoja kwenye uji."

"Zikifika tumboni, njia ya kichwani zinaijuaje?"

"Zina akili kuliko mimi na wewe."

"Kuliko wewe, sawa."

Kaka akanikanyaga mguu. Nikamwambia twende kwanza hospitali, pengine huko wanauza kwa jumla.

Saa tano, hospitalini, daktari wa kaka, mwanamama mpole, alimwamkia shikamoo, akatueleza. Seli shina ni seli changa zinazoweza kukuzwa ziwe za aina nyingine. Watafiti huzikuza maabara ziwe kama zile zilizokufa ubongoni, kisha huzipandikiza kichwani kwa upasuaji. Wagonjwa waliofanyiwa majaribio ni wachache, na bado wanafuatiliwa.

"Basi tupunguzie, daktari. Hata za majaribio."

"Sina za kukupunguzia, baba. Wala sijui zitakuwa tayari lini. Anayesema zimo kwenye uji anataka kula cherehani yenu."

Muuzaji asiyesifu mali! Nilikosa pa kumshikia.

Akamgeukia kaka. "Vidonge unameza vingapi kwa siku?"

"Viwili."

"Niliandika vitatu."

Kaka akaninyooshea kidole, kikitetemeka. "Muulize huyu. Ndiye aliyenipatania."

Ni kweli. Nilidhani vitatu ni bei ya kuanzia.

Daktari alicheka, kisha akaacha ghafla. "Vitatu, kwa saa zake, kabla ya chakula. Dozi haina maelewano."

Saa tisa tulipanda basi la kurudi. Tulipofika Pongwe, njiani, kaka akanigeukia.

"Miezi saba," akasema, "nimetetemeka kwa ubahili wako."

Nikamlipia nauli, wala sikumwomba kondakta apunguze.

Nyumbani, wiki tatu baadaye, mkono haukuwa umepona, lakini ulikuwa umetulia kiasi cha uzi kuingia kwenye sindano. Nami nimejifunza kupatana bei ya machungwa tu. Mnunuzi alipokuja kuchukua cherehani, kaka alimpima kiuno, akamshonea suruali.