Jina Juu ya Msuka

Isurugi Yasutaro alikuwa na kanuni moja aliyoishika kuliko sala: mtu akikuonyesha upanga wake, mwambie ulichokiona, la sivyo usiutazame. Njia ya katikati hakuitambua. Na njia hiyo ilikuwepo, tena ilipendwa sana katika chama cha wapenzi wa panga za kale pale Tatsuno, mji wa mchuzi wa soya na tambi nyembamba, ambako alitumikia posta mpaka akastaafu.

Njia yenyewe ilikuwa maneno mawili tu. Mwanachama akileta upanga mbovu, au wenye jina la kughushi, wenzake waliinama, wakautazama kwa heshima zote, kisha wakasema, "Umetunzwa vizuri." Basi. Hakuna aliyedanganya, kwa sababu mafuta kweli yalikuwa yamepakwa na ala haikuwa na vumbi. Aliyeijua lugha ile alielewa kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Asiyeijua alirudi nyumbani kifua mbele.

Yasutaro aliwahi kuwa huyo asiyeijua. Upanga wake wa kwanza, alioununua ujanani kwa kujinyima, uliambiwa umetunzwa vizuri na kila aliyeuona. Akaringa nao miaka nenda miaka rudi, mpaka mlevi mmoja wa chama akamfafanulia maana yake huku akicheka. Yasutaro hakumchukia mlevi huyo. Aliwachukia wale wenye adabu, waliomwacha aringe. Tangu siku hiyo maneno yale mawili hayakupita mdomoni mwake, hata alipokuwa mwenyekiti na wenzake wakaendelea kuyatumia mbele yake bila aibu.

Kwa mengine alikuwa mtu wa kawaida: pensheni ya posta, magoti mabovu, bustani ya matango, mke aliyemzidi akili. Panga zake zilikuwa chache, pamoja na droo za tsuba, vile visahani vya chuma vinavyokaa kati ya mpini na makali kuukinga mkono. Kila majira yalipobadilika alizitoa panga moja baada ya nyingine. Aling'oa kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, akauvua mpini, akafuta mafuta ya zamani kwa karatasi laini, akagongagonga bapa kwa kifurushi cha unga wa jiwe, akafuta tena, kisha akapaka mafuta mapya yanayonukia karafuu. Kazi hiyo aliifanya mdomo umefungwa, maana tone la mate juu ya chuma kilicho uchi ni doa la kutu mwakani.

Sehemu moja hakuifuta wala hakuipaka kitu: msuka, ule mkia wa upanga unaozama ndani ya mpini, ambako mhunzi huchonga jina lake. Kutu ya msuka haiguswi. Weusi wake na utulivu wake ndivyo wajuzi wanavyosomea umri wa upanga, na ikishaondolewa hairudishwi na fundi yeyote.

"Kutu hiyo unaibembeleza kuliko mgongo wangu," mkewe Fumi alizoea kumwambia.

"Mgongo wako haujafika miaka mia sita."

"Subiri niendelee kukuinulia magodoro."

Fumi alizaliwa nyumba ya Obata, wenye kiwanda kidogo cha mchuzi wa soya kando ya mto. Vita vilipokwisha na jeshi lililoshinda likaamuru panga zote zikabidhiwe, baba yake aliufunga upanga wa ukoo kwa karatasi ya mafuta akauficha darini, juu ya mapipa. Walimkamata, wakamhoji, wakampiga. Hakusema. Mji mzima uliijua habari hiyo, na uliamini pia, kwa kuwa mzee ndivyo alivyoamini, kwamba upanga ule ulifuliwa na Tomozane, mhunzi wa zamani mwenye jina kubwa kabisa upande huo. Mzee hakumwonyesha mtu. Yasutaro alipoomba, siku alipokwenda kuposa, aliambiwa kwamba watu wa posta wana vidole vya gundi.

Miaka ikapita, mzee akafa, na ikakaribia kumbukumbu yake ya mwaka wa thelathini na tatu, ile ya mwisho, ambayo baada yake marehemu huacha kuwa baba wa fulani akaingia katika kundi la mababu wote. Kaka yake Fumi, Obata Genzo, ambaye sasa ndiye mwenye kiwanda, akaja kwa Yasutaro na chupa kubwa mkononi.

"Shemeji, upo?"

"Niende wapi na magoti haya?"

"Mchuzi huo, wa kamuo la kwanza. Usimpe paka." Genzo akaketi jikoni kama kwake. "Sikiliza. Kumbukumbu ya mzee tunaifanya hekaluni. Na upanga nautoa, ukae hapo hekaluni moja kwa moja. Sina mtoto wa kuuelewa."

"Ni jambo jema."

"Ngoja, sijamaliza. Nataka chama chako kije kiutazame siku hiyo hiyo, mbele ya ndugu wote. Halafu wewe, mwenyekiti, ulitaje jina. Litoke kwenye mdomo unaoaminika."

"Mimi sijauona upanga huo, Genzo."

"Utauona! Na jina limechongwa, hata kipofu atalipapasa. Tomozane."

"Kulisoma nitalisoma. Kulitaja ni mpaka niukague."

"Usinifanyie ubwana posta hapa. Mji mzima unajua."

"Mji mzima haujauona pia."

Genzo akacheka mpaka akakohoa, akampiga shemeji yake begani. Alidhani ni utani.

Fumi hakudhani hivyo. Genzo alipoondoka alimenya figili, kisha akasema bila kugeuka, "Mume wangu, nikuulize. Upanga ukiwa si wenyewe?"

"Huenda ni wenyewe."

"Nakuuliza ukiwa si wenyewe."

"Nitasema nilichokiona."

"Sema umetunzwa vizuri."

Yasutaro akakunja uso.

"Usinikunjie uso. Wewe na wenzako huko mna maana yenu, sawa. Lakini huu umetunzwa kweli. Mimi nilikuwa namshikia baba taa. Nilikuwa namkatia karatasi. Alikuwa na jeraha la kipigo mkononi na bado aliupaka mafuta kila majira. Ukisema umetunzwa vizuri utakuwa umesema kweli tupu."

"Nitakuwa nimesema kweli ili Genzo aamini uongo."

"Genzo ana miaka sabini na tatu. Akiamini uongo mmoja, dunia itapasuka?"

"Na watu wa chama watamcheka wakitoka mlangoni. Kama walivyonicheka mimi."

"Wewe hukufa," alisema Fumi, akaendelea kumenya.

Lazima isemwe kwamba hoja ya mke ilikuwa nzuri na ya mume ilikuwa sahihi. Mambo hayo mawili hukaa nyumba moja kwa shida. Yasutaro angeweza pia kujitoa, kusingizia magoti na kumwachia mwingine kazi. Hakufanya hivyo, kwa sababu alitaka sana kuuona upanga ule, na hili pia lazima lisemwe.

Siku ya kumbukumbu, sala ilipokwisha, picha ya mzee Obata ikaachwa mahali pake kati ya maua, na upanga ukalazwa juu ya kitambaa cheupe, mpini umeshavuliwa. Ndugu walikaa upande mmoja, chama upande wa pili. Wanachama walisogea mmoja mmoja, wakainama, wakauinua, wakautazama kwenye mwanga wa taa, wakautazama msuka, wakaurudisha. Hakuna aliyefungua mdomo mpaka chuma kiliporudi kwenye kitambaa.

Wa kwanza alikuwa Bi Kurimoto, daktari wa meno mstaafu, mwenye jicho kali kuliko wote pale. Akaulaza upanga, akainama kwa Genzo.

"Umetunzwa vizuri."

"Ahsante sana, daktari, ahsante," alisema Genzo, akang'aa.

Akafuata wa pili. "Umetunzwa vizuri kwa kweli." Wa tatu akasema hivyo hivyo, na wa nne, mpaka mstari ukaisha. Kila mara Genzo aliwageukia ndugu zake, kama mtu anayesema, mnasikia?

Yasutaro alikuwa wa mwisho. Aliuinua, na kwa kitambo akasahau watu wote. Ulikuwa upanga wa kale, bila shaka yoyote. Mpindo wake ulikuwa umetulia, na kando ya makali mstari wa ukungu wa chuma ulitembea kwa upole ambao wahunzi wa siku za baadaye walijaribu kuuiga wakashindwa. Kisha akatazama msuka. Kutu ilikuwa nyeusi, nzito, ya karne nyingi. Jina la Tomozane lilikuwa limechongwa juu ya kutu hiyo, likaikata kama kisu kinavyokata mkate, kingo zake kali, na ndani ya herufi rangi ilikuwa nyekundu bado, ya kutu changa. Mhunzi aliyeufua hakuusaini. Mtu mwingine, miaka mingi baadaye, alikuwa amempachika mtoto wa watu baba tajiri.

Akaulaza.

"Haya, shemeji," alisema Genzo kwa sauti ya watu wote. "Taja jina."

"Jina ni la uongo," alisema Yasutaro. "Ila upanga..."

Hakufika mbali.

"Umesemaje?"

"Jina limeongezwa baadaye. Nisikilize, upanga wenyewe..."

"Unamwita baba yangu mwongo? Mbele ya picha yake?"

"Hakulichonga yeye. Yeye alidanganywa, au babu yake alidanganywa."

"Hawa wote wameutazama! Wote wamesema umetunzwa vizuri!" Genzo akamgeukia Bi Kurimoto. "Daktari, mwambie. Ulimaanisha nini?"

Bi Kurimoto akatazama mkeka.

"Nakuuliza, mama. Umetunzwa vizuri, maana yake nini?"

Binamu mmoja upande wa ndugu akakohoa. Genzo akawapitia wanachama uso kwa uso, na kila mmoja alipoinamisha kichwa akapata jibu lake. Wale wenye adabu walikuwa wamemcheka kwa foleni, na hilo lilikuwa kosa lao. Lakini aliyesimama wazi mbele yake, wa kukasirikiwa, alikuwa mmoja.

"Arobaini na tano," Genzo alisema polepole. "Miaka arobaini na tano unakula mchuzi wangu."

"Genzo, upanga ni mzuri. Ni wa kale kuliko..."

"Upanga wa jina la uongo ni mzuri? Nenda nyumbani, bwana posta."

Akauchukua upanga, akauvingirisha kwenye kitambaa kama mtu anavyofunga samaki, akatoka.

Yasutaro alimwandama kesho yake, kiwandani, akafungiwa mlango. Akampigia simu, haikupokelewa. Akamtuma Fumi, akamfundisha la kusema: kwamba jina ni la uongo lakini mwili ni wa kweli, ukipelekwa kwa wakaguzi wa Tokyo wataupa nafasi yake kwa kutazama chuma na kutu, na kwamba jina lile liachwe lilivyo mpaka wao waseme. Fumi akaenda. Alirudi mapema kuliko mumewe alivyotarajia, akavua viatu, akakaa sakafuni mlangoni.

"Umemwambia?"

"Nilimkuta kwenye karakana ya mapipa," alisema. "Alikuwa ameubana kwenye jiliwa. Na tupa ya kusawazishia pete za mapipa."

"Amelifuta jina?"

"Ameufuta msuka wote. Kisha akausugua kwa msasa. Unang'aa kama kijiko. Akaniambia, haya, mwambie mumeo sasa hakuna uongo."

Yasutaro akaketi naye. Bila kutu ile hakuna mkaguzi angethubutu kuutaja umri wa upanga, na mtu wa kwanza ambaye angeukataa, kwa kanuni zake mwenyewe, ni yeye.

"Ungeanza kwa kusema ni mzuri," alisema Fumi. "Jina ungelisema baadaye."

"Aliniuliza jina."

"Ndiyo," alisema Fumi. "Ulimjibu."

Hekalu halikupewa kitu. Bi Kurimoto na wenzake wanaendelea kukutana, na Yasutaro bado ni mwenyekiti wao, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumwondoa mtu aliyesema kweli. Genzo amekwisha kufa. Fumi alikwenda maziko peke yake, kama Genzo alivyoagiza. Kusema kweli kulimgharimu Yasutaro shemeji yake, na mke wake akapoteza nyumba alimozaliwa. Upanga wa karne nyingi sasa ni chuma kisicho na umri.